Ada ya lazima ya vitabu vya kidijitali: maana yake na namna inavyofanya kazi

Mwezi wa nane mtoto wa dada yangu alinitumia kwa WhatsApp picha ya bili ya chuo chake. Yeye na mama yake walifika Marekani kama wakimbizi, na sasa alikuwa anaingia mwaka wa kwanza. Chini ya minervali (karo) na bima ya afya palikuwa na mistari mitatu ya vitabu ambavyo hakuviagiza popote. "Mjomba," aliandika, "hii ni silabusi?"

Nilimjibu kwamba ni ndugu wa silabusi, yale maandishi ya kozi ambayo kwetu Kongo profesa anawauzia wanafunzi wake, lakini si pacha wake. Na kwa kuwa hapa Lubumbashi nasikia watu wakisema vitabu vya kwenye simu vitatuondolea shida ya silabusi, naona tulielewe jambo hili kabla halijatufikia.

Ada ya lazima ya vitabu vya kidijitali ni pesa ambayo chuo chenyewe kinaiingiza katika hesabu ya mwanafunzi, pamoja na karo, ili siku ya kwanza ya kozi aweze kufungua kitabu kwenye kompyuta au simu. Haendi dukani, hachagui. Akishajiandikisha kwa kozi, deni limeingia. Nyuma yake kuna mapatano: mchapishaji anapunguza bei kwa sababu anauzia darasa zima, na chuo kinamkusanyia pesa.

Marekani mpango huu ulipata nguvu kutokana na kanuni ya Wizara ya Elimu iliyoanza kutumika Julai 2016. Kanuni inaruhusu chuo kuweka bei ya vitabu ndani ya karo kwa masharti: bei iwe chini ya ile ya soko, mwanafunzi apate kitabu mapema, asipitishe siku ya saba ya muhula, na awe na njia ya kujitoa. Kwa kuwa imekuwa sehemu ya karo, msaada wa masomo wa serikali unaweza kuilipa moja kwa moja. Ndiyo maana wengi hawaihisi. Pesa inapita bila kugusa mkono wao.

Sitaki kusema uongo: mpango una faida. Kuna wanafunzi waliokuwa wakikaa wiki nne bila kitabu, wakisubiri pesa ya msaada ifike, na mtihani wa kwanza unawakuta mikono mitupu. Kwa hao, kitabu cha siku ya kwanza ni kitu kikubwa.

Lakini tazameni ule mlango wa kujitoa. Mwanafunzi ameshaingizwa ndani bila kuulizwa, na mlango unabaki wazi kwa siku chache tu mwanzoni mwa muhula. Asiposoma barua pepe, amelipa. Mwaka 2024 Wizara ya Elimu ilileta pendekezo kwamba mwanafunzi akubali kwanza ndipo atozwe. Pendekezo hilo halikufika kuwa kanuni.

Kuna jambo zito zaidi. Mara nyingi kinacholipiwa si kitabu peke yake. Ndani yake kuna mazoezi ambayo yanafanyika katika tovuti ya mchapishaji, yanasahihishwa na mashine, na alama zake zinahesabiwa katika kozi. Kuingia huko kunahitaji namba maalumu, na kila namba ni ya mtu mmoja. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kujitoa kwenye ada na kusoma kitabu maktabani, lakini alama za mazoezi hatazipata. Wanaosema "si lazima, anaweza kujitoa" huwa hawalisemi hili. Mimi nalisema kwa sababu nimemsikia mtoto wa dada yangu akihesabu dola zake usiku, kisha akalipa kozi moja ambayo hakuwa na namna ya kuikwepa.

Na akilipa, anapata nini? Kila mtu wa Lubumbashi anajua tofauti ya kuwa na parseli yako, kiwanja na nyumba yako mwenyewe, na kuwa mpangaji. Kitabu cha karatasi ni parseli. Unaweza kukikalia miaka 10, kumwachia mdogo wako, au kukiuza siku una shida. Kitabu cha ada hii ni nyumba ya kupanga: muhula ukiisha, au muda uliopatanwa ukiisha, kufuli linabadilishwa. Mwaka 2018 kampuni ya Cengage ilianza kuuza tikiti ya kusoma vitabu vyake vyote kwa dola 119.99 kwa muhula. Rafu ni kubwa kweli, lakini muda ukipita bila kulipa tena, inafungwa. Mwaka 2019 Pearson nayo ikatangaza kwamba vitabu vyake vya vyuo vya Marekani vitatangulia kutoka kwa kidijitali.

Uzito wa mabadiliko hayo unaonekana katika kesi ya Supap Kirtsaeng, mwanafunzi wa Thailand aliyekuwa akisoma Marekani. Aliona vitabu vilevile vinauzwa bei rahisi nyumbani kwao. Akawaomba jamaa na marafiki wavinunue na kumtumia, naye akaviuza Marekani. Mchapishaji John Wiley & Sons akamshitaki. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2013 majaji 6 kati ya 9 walikuwa upande wake: aliyenunua nakala iliyochapwa kihalali, hata ikiwa ilichapwa nje ya nchi, ana haki ya kuiuza tena. Haki hiyo inafuata nakala ya karatasi. Aliyelipia namba ya kuingilia hana nakala ya kuuza, kwa hiyo hukumu ile haimsaidii.

Hata ile "bei ya chini" inafaa kuulizwa: chini ya bei ipi? Kitabu kipya kinaweza kuwa ghali kweli. Lakini mwanafunzi maskini hakuwa akinunua kipya. Alikuwa akinunua kilichotumika, au akigawana kimoja na rafiki. Ukiziondoa njia hizo mbili kisha ukampunguzia bei ya kipya, inawezekana umemwongezea gharama.

Hapa ndipo undugu na silabusi unapoonekana. Anayechagua kitabu ni profesa, anayelipa ni mwanafunzi. Ni kama daktari anayeandika dawa bila kuuliza bei, kwa kuwa haitoki mfukoni mwake. Katika chuo nilichosomea mjini hapa, CP wetu, yaani kiongozi wa darasa, alipita oditwari (ukumbi wa masomo) na daftari, akiandika majina ya waliolipia silabusi. Asiyelipa hakuandikwa, na sote tulijua daftari linapelekwa kwa nani. Wizara yetu ya elimu ya juu imekataza kumlazimisha mwanafunzi kununua silabusi, na imerudia katazo hilo. Kwetu ulazima umekatazwa lakini unaendelea kwa mlango wa nyuma. Kule umeandikwa katika kanuni na kuwekewa masharti. Mwanafunzi wa kule angalau anajua barua ampelekee nani.

Tofauti ni kwamba silabusi, pamoja na ubaya wake wote, ilikuwa inabaki. Somo la takwimu nililisomea katika silabusi ya yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, yenye maandishi yake ya kalamu pembeni, na ile kurasa aliyoikunja ndiyo iliyotoka katika mtihani. Nani atarithi namba iliyokwisha muda?

Basi wanaopanga kutuletea vitabu vya kidijitali Lubumbashi, wakati mfumo wa LMD (wa digrii tatu: licence, master na doctorat) unamtaka mwanafunzi ajisomee zaidi, nawaomba wajibu mambo haya kwanza. Kitabu kinaweza kupakuliwa mara moja na kusomwa bila mega za intaneti, usiku ambao umeme umekatika? Kinaweza kuchapwa kwenye fotokopi ya karibu na chuo? Kinabaki baada ya mtihani? Vitabu vya namna hiyo vipo. Chuo Kikuu cha Rice, Houston, kilianzisha OpenStax mwaka 2012, na vitabu vyake vya fizikia, biolojia, uchumi na hesabu vinapakuliwa bure na ruhusa ya kuvichapa imetolewa. Vingi ni vya Kiingereza, wakati sisi tunasoma kwa Kifaransa, na hiyo ni kazi ya kweli ambayo maprofesa wetu wangeweza kuifanya, wakalipwa kwa kuandika badala ya kulipwa kwa kuuza.

Mtoto wa dada yangu alijitoa katika vitabu viwili siku mbili kabla ya mlango kufungwa. Cha uchumi alikipata maktabani, cha historia anagawana na mwenzake. Cha kemia, chenye mazoezi ya alama, alikilipa. Ameanza kunakili mifano yake kwa mkono katika daftari, maana mwezi wa kumi na mbili hatakifungua tena, na mdogo wake anataka kusoma kemia.