Muuguzi kusali na mgonjwa si kosa

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu mwaka hadi mwaka: eti muuguzi akisali na mgonjwa anafutiwa leseni. Si kweli. Maadili ya uuguzi yanamtaka aheshimu imani ya mgonjwa, na mahitaji ya kiroho ni sehemu ya huduma. Kinachokatazwa ni kulazimisha: kumhubiria mtu aliyetundikiwa dripu, asiyeweza hata kuinuka aondoke, au kumwambia aache dawa. Hapo ndipo watu huchanganya, maana aliyeonywa kwa kuhubiri wodini husimulia kwamba “alikatazwa kusali”. Mgonjwa akiomba dua mwenyewe, muuguzi anaweza kukaa naye kidogo, au kumwitia padri au shehe wake. Ukiupokea ujumbe huo, usiusambaze. Muulize muuguzi mfawidhi akuonyeshe mwongozo wa maadili.