Usimpelekee mgonjwa mtori kabla hujauliza

Jiko letu liko Moshi, kwenye ua wa mama mmoja aliyetuazima nafasi na kuni zake. Tunapika bure kwa wanaoumwa sana: wenye saratani, wenye figo zilizochoka, wenye kifua kikuu, na hasa wale waliolazwa huku ndugu zao wakiwa mbali. Haya ndiyo maswali tunayoulizwa kila siku na wanaokuja kuchukua hotpoti.

Chakula si chakula tu? Kwa nini mnauliza ugonjwa kwanza?

Mwanzoni hatukuuliza. Tulikuwa na sufuria moja kubwa ya mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, wote wanakula humo. Siku moja binti wa mgonjwa wa figo akaturudishia hotpoti imejaa vilevile: nesi amekataza. Tukaona aibu, kisha tukaenda kujifunza.

Ndizi ina potasiamu nyingi, nayo ni madini. Figo nzima huitoa kwenye mkojo, ila figo iliyoshindwa huiacha ikajaa kwenye damu, na ikizidi sana mapigo ya moyo huvurugika, hata moyo kusimama. Parachichi, nyanya na viazi navyo vimo kwenye kundi hilo. Kiburu, yaani ndizi na maharage yaliyopikwa kwa magadi, kina jambo la ziada, maana magadi yana sodiamu, na sodiamu huvuta maji mwilini na kupandisha presha.

Kumwambia Mchaga apunguze ndizi si kazi ndogo, kwa hiyo hatumwambii aache. Tunamenya, tunakata vipande vidogo, tunachemsha kwa maji mengi, tunamwaga, ndipo tunapika upya kwa maji mengine. Potasiamu inapungua, lakini haiishi, kwa hiyo kipimo cha kula kinatoka kliniki. Sufuria ya figo tumeifunga kitambaa chekundu kwenye mkono ili isichanganywe. Halafu kuna hili linalowachanganya wengi: anayesafishwa damu kwa mashine huhitaji mayai, samaki na nyama zaidi, wakati ambaye hajafikia mashine mara nyingi huambiwa apunguze. Wagonjwa wawili, figo zilezile, sahani tofauti.

Mama anachomwa dawa za saratani na hataki kula. Tumlazimishe?

Hapana, dada. Ukimlazimisha atakichukia chakula chenyewe. Dawa zile hubadilisha ladha, nyama ikawa kama chuma mdomoni, na harufu ya kitunguu kinachokaangwa inatosha kumtapisha. Mpe kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, kikiwa kimepoa, maana chakula cha moto hunuka zaidi. Kijiko cha mbao au plastiki humsaidia anayelalamika ladha ya chuma. Akiwa na vidonda mdomoni, weka kando ndimu na pilipili, asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na umpe kitawa (ndizi zilizopondwa kwa maziwa) au mtori laini.

Uji mwepesi unamjaza tumbo bila kumpa nguvu. Ukiwa bado unachemka, koroga yai ndani yake, au karanga za kusaga, au mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, na mgonjwa hata hahisi kwamba ameongezewa.

Tena, muulize kuhusu choo na maumivu. Dawa kali za maumivu kama mofini hufunga choo, na aliyefunga choo hataki kula. Akishuka kutoka kilo 60 hadi 54 ndani ya miezi sita, daktari aambiwe.

Wanasema sukari inalisha saratani, tumnyime?

Kila chembe ya mwili hutumia sukari, na hakuna ushahidi kwamba kumnyima mgonjwa kunaua uvimbe. Atakayekonda ni yeye. Mwenye kisukari afuate aliyoambiwa kliniki.

Ana kifua kikuu na leo ndani hakuna chakula. Ameze dawa?

Ameze. Dawa nyingi za TB hufanya kazi vizuri tumbo likiwa tupu. Zikimchefua, ale kitu kidogo kwanza. Kuruka dozi kwa sababu ya njaa huweza kuzaa TB sugu, na ndiyo sababu kubwa ya sisi kupika.

Baba hajala siku saba, leo ameomba nyama. Tumpe ashibe?

Msimshibishe. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukilishwa kwa pupa, madini ya damu, hasa fosfati, hushuka ghafla na moyo ukatetereka. Mpelekeni hospitali, aanze kidogo huku akipimwa damu.

Nina gunia la mahindi na maziwa ya ng'ombe wangu, mtapokea?

Maziwa tunapokea na tunayachemsha sisi wenyewe. Mtindi wa maziwa mabichi hapana, maana wengi tunaowalisha kinga yao imeshuka. Mahindi yenye ukungu, hata kwa kupembua, hatuchukui. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, huko Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemshwa.

Wazo hili mlilitoa wapi?

Wodini. Ndugu kumbebea mgonjwa hotpoti ni mila ya hapa, tatizo ni asiye na ndugu. Baadaye tukasikia kuhusu Ruth Brinker wa San Francisco, bibi mstaafu aliyeanza mwaka 1985 kwa kuwapikia wagonjwa saba wa UKIMWI. Yeye pia alianza kidogo.

Hotpoti irudi lini?

Jioni. Msiioshe wala kumwaga kilichobaki kabla hatujakiona. Aliyekunywa supu na kuacha nyama zote huenda ana vidonda mdomoni na bado hajamwambia mtu.