Maombi Yaliyojibiwa: Maana Yake kwa Mmisionari Aliye Ugenini

Katika makanisa mengi ya hapa Dodoma, kabla mchungaji hajapanda mimbarini, huwa kuna mtu aliyeomba nafasi kidogo. Anasimama, anasema "Bwana asifiwe," wenzake wanaitikia "Amina," kisha anaeleza: mtoto alilazwa akapona, au kiwanja kilichokuwa na kesi kimerudi. "Mungu amejibu maombi," anamalizia, na akina mama wanapiga vigelegele. Hakuna anayeuliza maneno hayo yana maana gani. Mmisionari anapoyaandika katika barua ya kwenda kwao, kwa watu ambao hawajawahi kuiona Dodoma, maneno hayohayo hubeba mzigo mwingine, na ndiyo maana nataka kuyafafanua.

Kwa kifupi, ombi lililojibiwa ni lile ambalo mtu alilipeleka kwa Mungu, likafuatwa na jambo fulani, na mwombaji akatambua kwamba jambo hilo limetoka kwa yule aliyemwomba. Hapo mna vitu vitatu: ombi, tukio, na kutambua. Wengi husimulia viwili vya kwanza, cha tatu wakakipita mbio, na hicho ndicho kigumu. Katika Matendo ya Mitume sura ya 12, kanisa lilikuwa likimwombea Petro aliyefungwa gerezani. Petro akatolewa, akaja kubisha mlangoni mwa nyumba ileile waliyokuwamo. Msichana Roda akaijua sauti yake, akakimbia ndani kuwaambia, nao wakamwona ana wazimu. Jibu limesimama nje linabisha, na wanaoomba wanabishana na mleta habari! Kila ninapoisoma sura hiyo nawaona watu wa kanisa langu, na mimi nikiwa katikati yao.

Lugha yetu yenyewe inasaidia. Tunasema Mungu "amejibu," lakini wazee wanapenda zaidi kusema "amesikia" au "ameitika." Kuitika si sawa na kupeleka kilichotakiwa. Mama akiita, mtoto huitika "abee" kabla hajajua anatumwa nini, na mama akishaisikia sauti hiyo hutulia, hata kama maji bado hayajachotwa. Mkristo anaposema ameitikiwa, mara nyingi anazungumzia utulivu huo kwanza, kisha ndipo maji.

Kwa nini basi jambo hili lina uzito wa pekee kwa mmisionari? Kwa sababu kuishi kwake ugenini kumejengwa juu ya kuomba. Matumizi yake mara nyingi hutoka katika sadaka za watu walioahidi kumsaidia, na ahadi huweza kulegea. Kibali cha ukaazi hungojewa. Lugha haiingii kichwani, mtoto anashikwa na homa usiku, na hana mjomba wala shangazi wa karibu wa kumkimbilia. Tena analazimika kuwaandikia waliomtuma, akitaja mahitaji na shukrani, ili nao waombe. Mapokeo haya yana mizizi ya karne ya 19. George Müller, Mjerumani aliyewalea yatima Bristol huko Uingereza kuanzia 1836, hakuwaendea watu kuwaomba fedha, bali aliandika maombi yake na majibu yake. Hudson Taylor, mmisionari Mwingereza wa China, tarehe 25 Juni 1865 aliomba akiwa Brighton, Uingereza, apewe watenda kazi 24: wawili kwa kila jimbo kati ya majimbo 11 ya ndani ya China yasiyokuwa na mmisionari, na wawili kwa Mongolia. Mwaka uliofuata alisafiri na kundi lake kwa meli ya Lammermuir. Nawaheshimu sana watu hawa. Ila naona habari zao zimetuzoesha kupima jibu kwa hesabu: waliombwa 24, wamekuja wangapi, zilihitajika fedha kiasi gani, zimeingia ngapi. Hesabu hiyo haitoshi.

Mfano mzuri zaidi ni wa mtume Paulo, ambaye naye alikuwa mmisionari na naye aliandika barua ya kuomba maombi. Mwishoni mwa Warumi sura ya 15 anawasihi ndugu wa Rumi wamwombee mambo matatu: aokolewe na wasioamini huko Uyahudi, huduma anayopeleka Yerusalemu ikubaliwe na watakatifu, kisha afike Rumi kwa furaha. Fuatilia sasa yaliyotokea. Yerusalemu alikamatwa hekaluni, na umati ungemuua kama askari wa Kirumi hawangemnyakua. Je, aliokolewa? Ndiyo, kwa kufungwa minyororo. Akakaa kizuizini Kaisaria miaka 2, akapandishwa melini, meli ikavunjika karibu na Malta, na mwishowe akafika Rumi akiwa na askari wa kumlinda. Ndugu wa Rumi walitoka wakaja kumlaki njiani, naye alipowaona akamshukuru Mungu, akachangamka. Ombi lao lilijibiwa, kwa njia ambayo hata mmoja wao asingethubutu kuiandika.

Nilipokuwa kijana nilichukuliwa kumtafsiria fundi mmisionari kutoka Australia, katika kijiji kimoja cha upande wa Chamwino. Alikuwa anajenga vyumba vya zahanati. Ilikuwa Desemba na mvua ilikuwa imechelewa. Matofali mabichi yalipangwa juani yakingoja kuingia kwenye tanuru, na maji ya kuyafyatulia yalikuwa yameletwa kwa punda kutoka mbali. Kila asubuhi, kwenye maombi ya mafundi, alimwomba Mungu aizuie mvua siku chache tu, hadi tanuru liwake. Nilitafsiri neno kwa neno. Mafundi walisema amina kwa sauti ya chini sana, wakitazama chini.

Nilijua kwa nini. Jioni watu walewale walikuwa kanisani wakifunga na kuombea mvua. Mashamba yalishaberegwa, yaani kusafishwa tayari kwa kupanda, mtama umekwisha kupandwa katika vumbi, panya wanaufukua. Asiyeishi Ugogo, nchi hii ya Wagogo, hawezi kujua hofu iliyomo katika Desemba isiyo na wingu. Mwaka wetu una msimu mmoja tu wa mvua, na ukikosekana hakuna wa pili wa kutegemea. Wazee waliotulea walilelewa na watu waliopita katika Mtunya, njaa kuu ya mwaka 1917 hadi 1920, na jina hilo halikutajwa ovyo nyumbani kwetu.

Mvua ikanyesha usiku, mvua yenyewe, ya kupiga bati mpaka huwezi kusikiana na aliye kitandani. Asubuhi nilimkuta amesimama mbele ya matofali yake. Ya juu yalikuwa yamepoteza kingo, ya chini yamekuwa tope jekundu linalotiririka kuelekea barabarani. Akaokota moja, likakatikia mkononi. Mzee wa kanisa alikuwa anapita na jembe begani, miguu imejaa udongo hadi magotini, uso umekunjuka kama wa mtoto. Alipomwona, akavua kofia.

"Pole, mwanangu," akasema. "Hii sisi tuliiomba."

Nikatafsiri. Akaniuliza waliomba tangu lini. Nikamwambia wiki tatu, tena pamoja na mafundi wake. Alinyamaza kitambo. Siku ya pili, kwenye maombi ya asubuhi, alituambia kwamba ameandika barua ya nyumbani, na mahali pa shukrani ameandika, "Mvua imenyesha." Mahali pa mahitaji akaandika, "Matofali."

Baada ya kupanda na kupalilia, watu walikuja kufyatua mengine. Maji sasa yalikuwa kwenye korongo la karibu, punda hawakuhitajika. Sisemi mvua ililetwa kwa ajili ya matofali. Nasema tu kwamba niliona ombi moja likikataliwa na lingine likikubaliwa katika usiku mmoja, na aliyekataliwa akatia shukrani za wenzake katika barua yake mwenyewe. Kama nikiulizwa leo maana ya maombi yaliyojibiwa katika maisha ya mmisionari, nitaanzia kwenye barua hiyo.

Maana kosa ninaloliona mara nyingi ni kuhesabu majibu ya upande mmoja. Barua inasema, "Tuliomba nyumba, Mungu ametupa, tuliomba muuguzi wa kutusaidia, amepatikana." Wenyeji wanatokea kama mahitaji, kana kwamba hapakuwa na mtu aliyekuwa akipiga magoti hapa. Muuguzi mgeni anapofika katika hospitali ya kijijini, yeye anamshukuru Mungu kwa kumfungulia mlango, na bibi mmoja ambaye binti zake wawili walipoteza watoto wakati wa kujifungua anamshukuru Mungu kwa kumleta muuguzi. Ni tukio moja lenye maombi mawili, na mmisionari hajui habari za lile la pili mpaka aambiwe. Paulo naye aliona katika maono mtu wa Makedonia akimsihi avuke kuwasaidia. Alipofika Filipi, mji wa Makedonia, alikuta wanawake wamekusanyika kando ya mto, mahali pa kusali, na mmoja wao akiitwa Lidia. Waliokuwa wakisali walikuwa wametangulia kufika.

Na maombi yasiyopata walichoomba watu? Wengi hufundisha kwamba Mungu hujibu kwa namna tatu: ndiyo, hapana, au subiri. Si uongo, lakini ni rahisi mno kumwambia hivyo mtu aliyetoka makaburini. Kanisa la Anglikana lilifika katika nchi yetu ya kati miaka ya 1870, Mpwapwa ikiwa kituo cha njia ya kwenda Uganda. Mmisionari Alexander Mackay alifungua barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa mwaka 1877. Desemba mwaka huohuo wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe. Mackay mwenyewe alifariki 1890 huko Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, bila kurudi kwao. Nao walikuwa na watu waliowaombea, wake kwa waume, kwa majina. Siwezi kuchukua neno "hapana" nikalibandika juu ya vifo hivyo nikasema nimeeleza. Ninachojua ni kwamba mwaka 1927 ikaanzishwa Dayosisi ya Central Tanganyika, na kwamba bibi yangu alibatizwa na mchungaji Mgogo.

Mtu asiyeamini atasema yote haya ni bahati: mvua ingenyesha tu. Sina namna ya kumshinda kwa hoja, wala ushuhuda haukukusudiwa kushinda. Ushuhuda na ushahidi ni ndugu wa tumbo moja, lakini ushahidi hupelekwa mahakamani ili mtu atiwe hatiani au aachiliwe, na ushuhuda hutolewa mbele ya watu waliokuwa wakiomba pamoja nawe, ili wajue yaliyotokea. Ndiyo sababu mmisionari anayesema kwa uaminifu hutaja pia yaliyobaki. Anayeandika ushindi mwezi hadi mwezi huwafanya waombaji wake waone kwamba hawahitajiki tena.

Muuguzi mmoja mmisionari, aliyekaa miaka mingi katika hospitali ya kijijini, aliwahi kunionyesha daftari lake kabla ya kurudi kwao. Lilikuwa na safu za tarehe, ombi na jibu, kwa kalamu ya wino. Pembeni alikuwa ameongeza safu nyembamba kwa penseli, akaandika juu yake kwa Kiswahili, "Kwa mkono wa nani." Baadhi ya mistari ilikuwa na ombi tu, na mwingine ulikuwa na jina la mtoto, kisha weupe mpaka mwisho wa ukurasa. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwaka wake wa kwanza, alipokuwa hajui hata kusalimia vizuri. Ombi: maji, bomba limekauka. Jibu: ndoo nne, kila asubuhi, wiki sita. Kwa mkono wa nani: watoto wa jirani, sikuwa nimewaomba.