Chen Duxiu hakuanza uhariri akiwa mkomunisti

Kwa kuwa Chen Duxiu aliongoza Chama cha Kikomunisti cha China kilipoundwa mwaka 1921, wengi hudhani kwamba jarida lake, Xin Qingnian, yaani Vijana Wapya, lilianzishwa ili kueneza Umaksi. Sivyo. Mwaka 1904 alikuwa tayari akihariri gazeti la Anhui, jimbo la China, lililoandikwa kwa lugha ya watu wa kawaida, jambo ambalo, kwa maoni yangu, linamweleza vizuri zaidi. Jarida lenyewe alilianzisha Shanghai mwaka 1915 kwa jina jingine, akipinga mafundisho ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, na kutetea sayansi na demokrasia. Umaksi haukupata nafasi kubwa humo hadi mwaka 1919. Chama kilimfukuza mwaka 1929.