Majani yanayong'ara hayamtoi mtoto madini ya risasi mwilini: maswali na majibu

Hivi vidoti vya kaboni vinavyosemwa sana saivi ni nini?
Ni vipunje vya kaboni, vidogo chini ya nanomita 10. Wataalamu wanachukua majani au maganda ya matunda, wanayapika na maji ndani ya chombo kilichozibwa, joto kama nyuzi 180 hadi 200, masaa kadhaa, kisha wanachuja. Ukiyamulika hayo maji kwa taa kama ile ya kukagulia noti yanang'ara, mara nyingi rangi ya buluu, na yakikutana na ioni (chembe zilizoyeyuka majini) za metali kama zebaki, chuma au risasi ule mwanga unafifia. Hapo unajua maji yana kitu.

Basi nikimchemshia mtoto majani ya mlonge, risasi itatoka?
Hapana. Vile vidoti vinapima maji ya kwenye chupa, havitibu mtu, na sufuria yako ya jikoni haifiki joto lile. Mlonge ni mboga nzuri, mpikie ale, lakini usimnyweshe wiki tatu unangojea risasi itoke.

Sisi huku hatuna viwanda, risasi tunaipata wapi?
Kwenye chubwi, vile vizito vya mishipi! Baba anavunja betri ya gari, anayeyusha risasi uani kwa ajili ya mishipi, moshi unaingia ndani na mtoto anatambaa palepale, halafu sufuria ileile inarudi jikoni. Tumeshasema, tumeshasema tena. Na wanja wa manga, baadhi yake ni jiwe lenye risasi, anapakwa mtoto mchanga machoni, anafikicha kisha anatia mkono mdomoni. Uacheni jamani.

Maji nikiyachemsha?
Kuchemsha kunaua vijidudu. Risasi haiondoki, maji yakipungua ndo inazidi kukolea.

Dalili zake?
Tumbo linamsokota, choo kigumu, damu pungufu, hataki kula, skuli hashiki kitu. Nyumbani mnasema chango, anapewa dawa ya chango mwezi mzima, mpaka siku anapopata degedege ndo analetwa mbio kituo cha afya usiku.

Wangu anacheza vizuri tu, nisubiri?
Usisubiri. Wengi hawaoneshi dalili yoyote mwanzoni huku ubongo unaharibika, na ubongo ulioharibika haturudishi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Kwa hiyo nifanye nini?
Kama nyumbani panayeyushwa betri au mtoto anapakwa wanja huo, mlete kituoni leo, usingoje aumwe, useme ukweli ili aandikiwe kipimo cha damu. Dawa ya kuvuta risasi ipo, kwa kawaida mtoto anaanzishiwa pale risasi kwenye damu yake inapofika mikrogramu 45 kwa desilita, lakini haifanyi kazi ya maana kama anarudi kwenye moshi uleule. Na hicho kichupa cha wanja njoo nacho, usikitupe njiani kwa kuona haya.