Ufafanuzi kwa Umma Kuhusu Maandishi Yaitwayo Ufunuo wa Abrahamu

Kufuatia kuongezeka kwa maswali yanayoifikia idara yetu, hasa kutokana na jumbe zinazosambazwa kwenye simu zikidai kuwa Ufunuo wa Abrahamu ni kitabu kilichoondolewa katika Biblia, tunapenda kufafanua kwamba hakuna aliyekiondoa, kwa kuwa hakikuwamo katika Biblia ya Kiebrania. Dai hili limekwisha kujibiwa mara nyingi, na inasikitisha kuliona likirudiwa na watu wasiosoma hata sura moja ya maandishi yenyewe.

Wataalamu wengi wanakubaliana kuwa mtunzi alikuwa Myahudi aliyeandika, yamkini kwa Kiebrania, baada ya Warumi kuliteketeza Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, kwani katika sura ya 27 Abrahamu anaonyeshwa Hekalu likiungua. Maandishi hayo, baada ya kupitia Kigiriki, yamesalia kwa Kislavoni cha Kanisa pekee, yaani lugha ya kale ya ibada ya Wakristo Waslavi, na mswada wake mashuhuri, Kodeksi ya Silvester, ni wa karne ya 14. Katika muda huo wote wanakili walikuwa na nafasi ya kuongeza na kupunguza, ndiyo maana sura ya 29, inayomtaja mtu anayeabudiwa, inabishaniwa hadi leo: wapo wanaoona humo mkono wa Mkristo.

Sura nane za kwanza zinasimulia habari za Tera, baba yake Abrahamu, mchonga sanamu. Abrahamu anamwachia mungu aliyechongwa kwa mti, aitwaye Barisati, kazi ya kulinda moto wa chakula. Akirudi anamkuta ameanguka chali, miguu imo motoni, anaungua. Chakula kinaiva, na Abrahamu anamwambia baba yake amshukuru Barisati, aliyejitupa motoni ili kukipika. Waislamu watakumbuka Nabii Ibrahimu na masanamu katika Sura ya Al-Anbiyaa. Hata hivyo, kufanana huko peke yake hakuthibitishi kwamba kisa kimoja kimetokana na kingine.

Mwanafunzi anayenukuu maandishi haya anatakiwa kutaja sura, mfasiri na mwaka wa tafsiri, kwa sababu tafsiri ya Kiingereza ya G. H. Box ya 1918 haiwezi kuchanganywa na utafiti wa Alexander Kulik wa 2004, unaojaribu kuyafikia maneno ya Kiebrania yaliyo nyuma ya Kislavoni. Kazi isiyotaja hayo hurudishwa bila kusahihishwa. Mwanafunzi akirudia kosa, suala lake hupelekwa kwenye kamati ya nidhamu. Maswali ya wananchi yaletwe kwa maandishi, yakiambatana na ujumbe wenyewe uliosambazwa.