Wangari wa miche na Wangari wa barua: dhana potofu kuhusu somo la mazingira

Tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, klabu nyingi za shule hapa Kenya hutoka na fagio, magunia na miche. Chupa zinaokotwa, miche inapandwa, picha zinapigwa, kisha watu wanarudi darasani. Kazi nzuri. Ila imezaa imani kadhaa ambazo sisi walimu walezi wa klabu ndio tunaozilea.

"Kuokota taka ndiyo elimu ya mazingira."

Mtoto anayeokota chupa zilezile ufukweni kila muhula, bila kujua ni nani aliyepaswa kuzizoa, amefunzwa usafi. Uraia bado. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa. Basi kabla ya kugawa magunia, wape wanafunzi daftari. Wafuatilie taka za shule yao: nani anazichukua, mara ngapi kwa wiki, zinamwagwa wapi, na bajeti ya kaunti imezitengea shilingi ngapi. Wahesabu chupa kwa aina, waone ni za nani. Hilo lina hesabu, jiografia na uraia, na halihitaji hata basi la safari.

"Wangari Maathai alikuwa mama wa kupanda miti."

Alikuwa, na ukimwishia hapo umemkata nusu. Wangari wa miche, yule aliyeanzisha Green Belt Movement, shirika la kupanda miti, mwaka 1977, kila mwanafunzi anamjua. Wangari wa barua hawamjui. Mwaka 1989 serikali ilitaka jumba la ghorofa 60 lijengwe ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Hakwenda kupanda mti pale. Aliandika: kwa ofisi za serikali, kwa mashirika ya kimataifa, kwa yeyote aliyeweza kuuliza swali. Wabunge walimkejeli, na shirika lake likafurushwa katika ofisi za serikali lilikokuwa. Alipokwenda mahakamani, kesi ikatupwa kwa hoja kwamba mradi ule haungemdhuru yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Mwishowe wawekezaji walijiondoa, na jumba halikujengwa.

Hoja hiyo ya mahakama ndiyo ningeitumia kipindi kizima. Mwambie mwanafunzi afungue Katiba ya 2010, ibara ya 42: kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Kisha ibara ya 70: anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Mlango uliofungwa mbele ya Wangari mwaka 1989 sasa uko wazi kwa maandishi. Darasa likiona hivyo, katiba haiwi tena kitu cha kukariri kwa ajili ya mtihani.

"Hizo ni siasa, na watoto hawapigi kura."

Hili husemwa zaidi na wazazi, na baadhi ya walimu wakuu, kwa hofu ninayoielewa. Lakini ibara ya 37 na ya 119, zinazohusu kuwasilisha maombi kwa mamlaka na kwa Bunge, zinasema "kila mtu". Hazikusema mpiga kura. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inampa mtu haki ya kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti. Kumpigia debe mgombea ni jambo moja. Kuuliza jaa lililo nyuma ya madarasa litahamishwa lini ni jingine. Mimi siwapeleki wanafunzi kwenye maandamano, na simshauri mwalimu yeyote afanye hivyo. Barua yenye tarehe, mahali, picha na ombi moja tu (moja, si kumi) inatosha. Na ipelekwe nakala mbili, ili moja irudi shuleni na muhuri wa kupokelewa.

"Mche ni mche."

Waulize wavuvi. Mlilana, aina ya mkoko, hukaa mbele kabisa, unakopigwa na maji ya bahari. Mchu na mkandaa wana sehemu zao. Ukipanda mkoko mahali pasipo pake, unapanda picha. Huko Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja unauza hati za hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko, na mapato yamesaidia maji na shule za kijiji. Huko ndiko pa kuwapeleka wanafunzi.

"Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, basi yamekwisha."

Marufuku ya 28 Agosti 2017, yenye faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4, iligusa mifuko. Chupa haikuzigusa. Na ukienda sokoni bado utafungiwa nyanya kwa kile kile kilichokatazwa.

"Barua isiyojibiwa ni kazi bure."

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku zisizozidi 21 kumjibu raia aliyeomba taarifa. Zikipita kimya, lalamiko linapelekwa kwa Tume ya Haki ya Kiutawala, inayoshughulikia malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Kwa hiyo klabu iandike wiki ya pili ya muhula, ibandike kalenda ukutani, na kila asubuhi mtoto mmoja afute siku moja. Ya 21 ikifika bila jibu, barua ya pili iwe imeshaandikwa.